BI MKUBWA ASEMA KIJANI, KAKA ASEMA BLUU!
Rangi ya Corolla ya dingi nusura itugombanishe

Mpenzi msomaji, mjini hapa ukiwa na gari bovu uani kila mtu anakuwa fundi. Muuza maji anasimamisha mkokoteni, anapiga teke tairi lisilo na upepo na kutikisa kichwa: "Bro, uza tu." Mtoto wa jirani, darasa la tatu, anakuambia injini imekufa. Hata mgeni aliyekuja kuhani msiba, akishatoa ubani wake, anauliza kwa sauti ya chini, hivi lile gari mna mpango nalo gani?

Lakini siku ukitamka kwamba unataka kulipiga rangi mwenyewe, hapo hapo nyumbani, na rangi uichanganye mwenyewe, aisee! Mafundi wote wanageuka madaktari wa vichaa. Wanaacha kulitazama gari, wanakutazama wewe machoni.

Mimi wamenitazama sana.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla la mwaka 1982, umbo lile la boksi liitwalo KE70. Injini ni 4K, cc 1,290, ile ambayo fundi wa gereji bubu anaifungua kwa spana nne na matusi mawili. Linasukumwa na tairi za nyuma. Corolla saluni zilizofuata mwaka 1983 zilihamia kwenye tairi za mbele, kwa hiyo masela wanaojua magari wanaliheshimu kidogo hata likiwa limelala juu ya matofali. Dingi alilinunua mkononi kwa mtu mwaka 1986. Lilitupeleka hospitali, lilibeba mbuzi wa Idi, lilivuta magari ya majirani. Mwaka 1989, mimi nikiwa bado tumboni, likagongwa ubavuni na lori karibu na Buguruni, likanyooshwa, likapigwa rangi upya. Dingi alifariki mwaka 2014. Tangu siku hiyo gari likakaa chini ya mwarobaini, Tabata, likifanywa mahali pa kuanikia vitambaa na kulalia paka.

Basi bwana, mwaka 2023 dada yetu akachumbiwa, harusi ikapangwa mwezi Agosti. Kikao cha familia kikaitishwa. Kaka mkubwa, ambaye kwenye vikao hupenda kuanza na neno "kiuhalisia", akasema kiuhalisia uani panahitajika nafasi ya kufunga maturubai, na watu wa vyuma chakavu wameshapita kulipima gari kwa macho. Nikaomba muda. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe bi mkubwa akakata shauri: mpaka mwisho wa Julai. Likiwa linatembea na linapendeza, bibi harusi atapanda. La sivyo, linakatwa vipande, na asije mtu kumlilia yeye.

Habari za injini, breki na mataa nisikuchoshe nazo. Spea za 4K zinapatikana, na mafundi wake hawajaisha. Kufikia mwisho wa Mei gari lilikuwa linawaka na kusimama pale unapotaka lisimame. Kazi ikabaki rangi. Hapo ndipo zengwe lilipoanza.

Bi mkubwa alisema gari lilikuwa kijani. Kaka akasema bluu. Dada akasema yeye anakumbuka harufu ya viti tu. Ikaletwa kadi ya gari kutoka kwenye sanduku la bati, na kweli, imeandikwa BLUE. Kaka akashangilia kama kapata penalti dakika ya 90. Bi mkubwa akamjibu taratibu kwamba aliyeandika hiyo kadi hakuwahi kuliosha hilo gari hata siku moja, yeye ameliosha miaka 25.

Gari lenyewe lisingeweza kutoa ushahidi. Nje lilikuwa kijivu cha majivu. Jua la Dar si mchezo: miale yake inavunjavunja uso wa rangi, ile gundi inayoshikilia chembe za rangi inageuka unga, ukipitisha kidole kinatoka cheupe kama umeshika chaki. Kwa hiyo ukitaka kujua rangi halisi ya gari la zamani usiangalie boneti. Fungua kifuniko cha tundu la mafuta. Nyanyua mpira wa buti. Chungulia chini ya zulia la nyuma. Huko jua halijafika.

Nilipong'oa mpira wa buti nikakaa chini. Haikuwa kijani. Haikuwa bluu. Umewahi kuvuka feri kwenda Kigamboni saa nne asubuhi, kukiwa shwari, ukatazama upande wenye mchanga chini? Ilikuwa hiyo.

Nikaenda maduka ya rangi Kariakoo nikiwa na kipande kidogo nilichokibandua. Vijana wa pale wana mashine ya kisasa, unaiweka juu ya rangi, inamulika, inakupa hesabu ya kuchanganya. Tatizo mashine inataka sehemu pana, safi na iliyonyooka. Kipande changu kilikuwa kama ukucha wa kidole gumba, halafu kimepinda. Ile namba ya rangi ambayo Toyota huiweka kwenye kibati ndani ya boneti ilikuwa imeliwa na kutu, na hata ingesomeka isingesaidia, maana rangi ya 1989 haikutoka kiwandani. Kijana akanichanganyia ya kukaribiana. Dukani, chini ya tyubulaiti, zilifanana kama mapacha. Kutoka nje juani, moja mtoto wa Tabata, nyingine mtoto wa Mbezi!

Hilo si ushirikina. Rangi mbili zinaweza kutengenezwa kwa vitu tofauti kabisa, zikafanana chini ya taa ya aina moja na kuachana chini ya taa nyingine, kwa sababu kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga. Ndiyo maana fundi mwenye akili hakubali rangi ndani ya duka. Anatoka nayo mlangoni.

Bi mkubwa akaniuliza swali moja tu: "Mbona humuulizi aliyeipiga?"

Aliyeipiga yupo, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Sisi wote tunamwita Fundi, hata wajukuu zake. Amepiga rangi magari ya nusu ya Ilala, mabasi, friji, hata jeneza moja. Nikamkuta kibarazani.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba kijana wangu. Umekuja kwa ajili ya lile Korola."

Kumbe mtaa mzima unajua. Nikampa kile kipande. Akakigeuza juani, akakiweka kivulini, akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa hakuacha upesi. Nilisimama pale nisijue niite mtu au nisubiri. Alipotulia akasema: "Hii niliipika kwa mabaki. Mwaka ule rangi huchagui, unatumia iliyopo. Baba yako alikuja na nusu debe ya nyeupe. Mengine nikakomba makopo."

Msomaji, hapa inabidi nitulie kidogo, maana hili ndilo jambo lililonifanya niandike.

Rangi alizotumia Fundi zamani ni za selulozi, ambazo mafundi wanaziita NC. Zinayeyushwa kwa thina, thina ikiruka rangi imekauka, basi. Ukoo huo wa rangi ni wa miaka mingi. Zamani magari yalipakwa rangi za mafuta zilizochukua siku na siku kukauka, na Henry Ford kati ya 1914 na 1925 alitoa Model T za rangi nyeusi tu. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotoa rangi ya selulozi iitwayo Duco, inayokauka kwa saa chache, General Motors wakaipiga kwenye Oakland za mwaka 1924, na baada ya hapo watu wa kawaida wakaanza kutesa na magari ya rangi. Baadaye zikaja za 2K, unachanganya na hadina. Hizi hazikauki tu, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa ngumu. Zinang'aa, petroli ikimwagika hazitoki, zinavumilia jua. Kila fundi alizipenda.

Ndani ya ile hadina kuna kemikali za jamii ya isosayaneti. Ukipuliza zinakuwa ukungu, na ukungu huo ukiingia kifuani mara kwa mara mwili unaweza kuanza kuukataa. Ukishaukataa, basi. Hata kidogo tu, hata cha gereji ya jirani, kifua kinabana kama umefungwa kamba. Pumu ya mafundi rangi inajulikana duniani kote. Na usidanganyike na pua: unaweza usisikie harufu yoyote na bado ukawa unaivuta.

Fundi alifanya kazi hiyo miaka mingi akiwa amejifunga kitambaa puani. Jioni akimaliza, anakunywa maziwa. Nani asiyejua habari ya maziwa? Kila gereji mjini hapa inaamini maziwa yanasafisha kifua. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni! Mapafu yana njia yake. Daktari alipomweleza hivyo Fundi, alisema, alijisikia kama mtu aliyeambiwa noti alizoweka miaka yote chini ya godoro ni za bandia. Sasa ana kile kidude cha kuvuta, kiko mfuko wa shati saa zote, na bunduki ya rangi hajaishika tangu 2016.

Ndiye peke yake anayejua rangi ya gari la dingi, na ndiye mtu asiyetakiwa kuikaribia.

Tukapanga hivi. Rangi yenyewe, ile ya chini, tutumie aina isiyohitaji hadina. Hadina iwe kwenye praima na kwenye klia ya juu tu, na siku hizo mbili Fundi asiwepo mtaani kabisa. Wakati wa kuchanganya, yeye akae upande unakotoka upepo, hatua kumi na tano kutoka mezani. Mimi nichanganye, nipulize kidogo kwenye kipande cha bati, kikauke, nimpelekee. Atazame, aseme, nirudi.

Meza ilikuwa mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, nje ya geti lao. Nilikuwa na makopo manne: nyeupe, bluu, njano na nyeusi. Vipande vya bati nilikata kwenye madebe ya mafuta ya kula, nikavipaka praima. Na nikaazima mizani ndogo kwa sonara, ile inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Fundi alipoiona akauliza kama nataka kupika sumu.

Kama unataka kujaribu kwako, shika hili: unaanza na rangi nyeupe au nyepesi, unaongeza kali kwa tone. Ukianza na kali utanunua ndoo ya nyeupe kuifukuza. Bluu za siku hizi zina nguvu ya ajabu, tone moja linageuza kopo zima. Njano ni mvivu, unaimwaga na bado inakutazama. Nyeusi ni mwizi, haionekani ikiingia, ila asubuhi unakuta rangi yako imekufa. Halafu usihukumu rangi ikiwa bichi. Ikikauka inageuka, mara nyingi inakoza, na ukiweka klia juu inakoza zaidi. Kwa hiyo kila kipande nilikipuliza, nikakiacha, nikakipaka klia ya kopo isiyo na hadina, ndipo nikampelekea mzee.

Na lugha ya Fundi! Kipande cha kwanza: "Hii imelala." Cha pili: "Hii ina homa," maana yake njano imezidi. Cha tatu, nyeusi imezidi: "Imevaa suti, inakwenda wapi?" Cha nne akakitazama muda mrefu, akasema, "Hii nzuri sana." Nikafurahi. "Mpe mtu mwingine."

Siku tatu tukaenda hivyo. Nilikuwa napata kijani safi, cha kung'aa, kama soda. Cha dingi kilikuwa na utulivu fulani ambao sikuupata kwa bluu na njano hata nikipunguza vipi. Usiku wa siku ya tatu, kipande namba 12 kikafanana kabisa na kile cha asili, chini ya taa ya jikoni. Nikalala nikiwa bingwa. Asubuhi juani, wapi! Kilekile cha dukani.

Siku ya nne Fundi akakaa kimya kidogo, halafu akaniita. "Nimekumbuka. Bluu ilikuwa kijiko tu, imebaki kwenye kopo la basi. Haikutosha. Kijani nilikitoa kwenye njano na nyeusi."

Watoto wa mjini, hebu jaribuni hili hata kwa rangi za maji za shule. Chukua njano, tia nyeusi kidogo kidogo. Haiwi njano chafu kama unavyodhani. Inageuka kijani! Kijani cha zeituni, kimetulia. Ukikiweka kwenye nyeupe, ukaongeza bluu kiasi cha kuionea huruma, unapata bahari ya Kigamboni.

Kipande namba 17. Juani kilifanana. Kivulini kilifanana. Kwenye tyubulaiti, kwenye tochi ya simu, saa kumi na mbili jioni jua likizama, kilifanana. Fundi akakishika kwa vidole viwili, akakipeleka mbali na macho, akakirudisha. Hakusema kimelala wala kina homa. Alisema, "Baba yako alikataa kunilipa mpaka alioshe kwanza."

Nikakipeleka nyumbani. Bi mkubwa akakitazama: "Si niliwaambia ni kijani?" Kaka akakichukua: "Bluu hiyo." Ngoma droo.

Sasa washikaji wa kijiweni nao walikuwa na yao. Wao walitaka kendi nyekundu. Kendi ni ile rangi inayong'aa kama peremende: unapiga fedha au dhahabu chini, juu yake rangi ya kioo inayopitisha mwanga, mkono baada ya mkono, na kila mkono unazidi kukoza. Sifa za kendi nyekundu anapewa Joe Bailon wa California, na husimuliwa kwamba alizitamani taa za nyuma za gari kwenye barabara yenye maji. Ni bomba, sikatai. Ila ukikwangua mlango mmoja hupati tena ulingano, labda urudie gari zima. Tena ukitoa gari kwenye bluu ukaliweka nyekundu inabidi ukabadilishe kadi huko TRA, vinginevyo trafiki wa kwanza ana mazungumzo na wewe.

Hata hivyo, nami ni mtoto wa mjini. Sikutaka kuikopi ya dingi tu nikatulia. Nilikuwa na kichupa cha unga wa lulu, ule wa maika iliyopakwa titani, unaotia mng'ao bila kubadili rangi. Nikamuuliza Fundi kama nikiweka kidogo, katikati ya rangi na klia, nitakuwa nimemkosea marehemu. Akafikiri. "Weka," akasema. "Lakini kivulini isionekane. Juani tu." Nikapima gramu chache kwa lita nzima, na hapo hapo nikaacha.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe, ila hayana hadithi. Kutu ya Dar inakula chini ya milango kwanza, tukakata, tukachomelea bati jipya. Puti, msasa namba 80, 180, 320. Praima. Halafu unapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima na kulisugua kwa mkono; pale nyeusi inapobaki, kuna bonde. Unarudi tena. Ukimaliza na namba 800 mikono haishiki kikombe. Jambo moja la kukuambia: karibu na gari lililo tayari, mafuta ya nywele, spirei za saluni na dawa za kung'arisha tairi ni maadui. Silikoni kidogo tu, na rangi inajitenga vishimo vishimo kama macho ya samaki. Dada na shosti zake walihamishiwa barazani kusukana, na lawama za hilo bado nazisikia.

Rangi ya chini niliipuliza wiki ya kwanza ya Julai. Huo ni wakati wa kipupwe, hewa kavu, jua la adabu. Wakati wa masika unyevu unaingia kwenye rangi na kuitia ukungu mweupe. Wakati wa joto la Februari thina inaruka kabla rangi haijatulia, gari linatoka na mikwaruzo kama msasa. Nilimwagia ardhi maji kuzuia vumbi, nikafunga nailoni pande tatu, nikaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka. Umbali ni kama kiganja kilichotanuliwa, mkono unakwenda sawa na bati bila kupinda, kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Mikono mitatu ya rangi, miwili ya lulu.

Siku ya pili, klia. Fundi alikuwa ameshakwenda Kigamboni kwa mdogo wake tangu usiku. Majirani niliwapitia mlango kwa mlango siku mbili kabla: madirisha yafungwe, watoto wasikae uani mpaka adhuhuri. Jamaa mmoja wa gereji kubwa aliniazima kofia yenye bomba la kuleta hewa safi kutoka mbali, maana hiyo ndiyo kinga ya kweli kwa hadina. Barakoa ya karatasi ni pambo. Nilivyovaa, mtoto wa darasa la tatu aliyesema injini imekufa alichungulia dirishani na kulia.

Mkono wa kwanza ulilala vizuri. Wa pili nikaanzia paa, nikashuka upande wa kulia, boneti, nikamaliza mlango wa mbele wa kushoto... umeme ukakatika!

We acha tu. Klia iliyochanganywa na hadina haisubiri. Kopo zima lina saa zake, zikipita linakuwa jiwe. Na ile iliyoko kwenye bati, ukichelewa sana upande wa pili hautaungana nayo. Tenki la kompresa lilibaki na upepo wa kumalizia ule mlango mpaka kwenye ukingo, nikakata hapo, penye mwanya, ili kama kutakuwa na alama ijifiche. Nikavua kofia nikiwa nje ya nailoni. Na hapo, msomaji, nikamwona kaka. Kiuhalisia alikuwa amekuja kuangalia kama uani kutakuwa na nafasi. Hakuuliza chochote. Akatoka mbio na kandambili kwenda kwa jamaa anayekodisha maspika ya harusi, wakarudi na jenereta kwenye mkokoteni, yeye akisukuma, shati limeloa. Dakika 20 hazikufika. Nikamalizia mlango wa nyuma na ubavu.

Machozi mawili yalichuruzika karibu na taa ya nyuma. Baada ya wiki mbili nikayapiga msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, nikasugua kwa rabingi mpaka nikajiona. Ule mwanya wa mlango, hata mimi nikitafuta sioni kitu.

Bi mkubwa alilizunguka gari mara mbili. Hakusema zuri wala baya. Akaenda ndani, akarudi na ndoo na kitambaa, akaliosha. Lilikuwa halina hata vumbi.

Fundi alikuja siku ya tano, klia ikiwa imekomaa na harufu imekwisha, akatembea taratibu kutoka mtaa wa tatu akipumzika mara mbili. Akasimama kivulini kwanza: lulu haikuonekana. Akaniambia nilisogeze juani. Nikalisogeza. Akatikisa kidole kama mtu anayemkanya mtoto, lakini alikuwa anacheka, na safari hii hakukohoa. Agosti bibi harusi akapanda, kaka ndiye aliyeendesha, na mwendo wa kilometa nane alitumia karibu saa nzima ili watu waone.

Kipande namba 17 anacho Fundi, amekitundika kwenye msumari karibu na redio. Yeye maisha yake yote hakuwahi kuandika mchanganyiko wowote, wote ulikuwa kichwani. Rangi iliyobaki, kama robo lita, iko stoo kwenye kopo lililofungwa kwa nailoni. Ubavuni nimeandika gramu zote, nyeupe, njano, nyeusi na ile bluu ya kuionea huruma. Juu, mahali pa jina la rangi, kaka aliandika "Bluu ya Baba". Wiki iliyofuata nilikuta neno la kwanza limekatwa kwa kalamu nyekundu, na mwandiko naujua.